Gunia Ndani ya Kofia

Mujukuu wangu aliniambia kwamba hataenda kupokea kipaimara. Aliniambia akiwa amesimama mulangoni, mugongo kwangu, macho inje. Nilikuwa nachambua maharagi kwenye lungo. Sikuinua kichwa.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, Koko." Koko ndivyo wajukuu wa hapa Goma wanavyotuita sisi bibi zao.

"Uvivu?"

"Hapana."

"Basi utaenda."

Hapo akatoa yote kwa mara moja, kama mutu anayemwaga maji machafu. Katekista amewaambia wasichana kwamba siku hiyo paji la uso liwe wazi. Kitambaa kisishuke kwenye nyusi. Askofu anapaka mafuta pale, kwa kidole gumba, hawezi kuanza kutafuta paji la mutu chini ya nguo.

"Na mimi nikivuta kitambaa nyuma, Koko, kila mutu ataona."

Nilijua wataona nini. Tulipokuwa kwenye kambi ya waliokimbia vita, upande wa Lac Vert, alishikwa na homa ambayo karibu imuchukue. Homa ilikwenda, nywele zikaifuata. Zilitoka mafungu mafungu, asubuhi nazikuta kwenye mukeka. Hospitali walisema zitarudi. Zilirudi katikati tu. Pembeni, juu ya masikio, na nyuma kwenye kisogo, kichwa kilibaki kama malisho ambayo ng'ombe wamepita na mvua haikufuata. Tulitoka kambini, tukapata chumba cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Shule walimukubalia kitambaa. Kwaya aliiacha. Zaidi ya shule hakwenda popote, hata maji alichota kabla watu hawajaamka.

Mama yake, binti yangu, yuko Bukavu kwa bwana wa pili. Anatuma salamu. Kwa hiyo kichwa hicho ni kazi yangu.

Sikumwambia pole. Pole nilizisema nyingi kambini, zikaniisha. Nilimwambia aniletee kopo la nyuzi.

Chini ya kopo hilo kuna patroni ya kofia, yaani zile karatasi unazofuatisha na chaki kabla ya kukata nguo. Ilikuwa ya mama yangu. Masista wazungu walimupa kule Masisi, wakati walipokuwa wakifundisha wamama kushona, kufuma na kuoka mikate. Karatasi ni ya kaki, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Watu waliniuliza kwa nini nimekimbia vita mara zote hizo na karatasi ya kofia. Sikukimbia na karatasi. Nilikimbia na makasi na sindano, vitu vinavyonilisha, na karatasi ilikuwa chini yao.

Mama alivaa kofia hiyo kila Pasaka, na mimi sikuipenda. Ni kofia ndogo, inakaa nyuma ya kichwa, haina ukingo mbele. Pembeni inashuka mabawa mawili yanayofunika mpaka kwenye masikio. Nilipokuwa mutoto nilisema mama anafanana na kuku anayeatamia, na nilipigwa kwa neno hilo. Lakini siku ile, lungo likiwa magotini, niliifikiria tena. Paji liko wazi. Pembeni kumefunikwa. Kisogo kimefunikwa.

Mujukuu wangu alitandika vile vipande kitandani akaviangalia.

"Koko, hii ni ya wazee."

"Ndiyo. Na wewe una kichwa cha muzee. Soma."

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Hesabu naijua, Kifaransa kilinipita. Yeye alisoma maandishi ya penseli pembeni ya karatasi, akiyatafsiri polepole.

"Inje, fetri nyeupe. Ndani, satini. Katikati, kitambaa kigumu cha gundi, cha kuisimamisha. Kwenye ukingo, utepe."

"Hakuna hata kimoja," nilisema. "Lakini tutatafuta."

Tukapatana. Nitaishona. Akiivaa na kuikubali, ataenda. Akiikataa, basi, sitamuvuta kwa mukono mbele ya askofu. Mutu haburutwi kumupokea Roho Mutakatifu. Yeye akaongeza sharti lake: mareni wake niwe mimi. Mareni ndiye mama anayesimama nyuma yako siku hiyo na kukuwekea mukono begani. Sikuuliza sababu. Hakutaka mutu mwingine aangalie kisogo chake kwa karibu namna ile.

Fetri ni manyoya ya kondoo yaliyopigwa mpaka yakashikana yakawa kitu kimoja. Hapa Goma hakuna anayeiuza. Lakini koti la sufu ukilichemsha na kulipiga, linaingia ndani, linanenepa, linakaribia kuwa fetri. Kwa hiyo tulikwenda Birere kwenye mitumba, na nilimulazimisha aje, maana rangi nyeupe ziko nyingi na nilitaka kuzipima kwenye ngozi yake. Alitembea nyuma yangu, karibu kabisa, kama ndama.

Muuzaji alikuwa baba wa makamo, ana makoti ya nchi za baridi yamening'inia kwenye kamba. Nilichagua moja la rangi ya mashanza, yale maziwa yaliyoganda tunayokula na bugali kwetu. Nilivuta uzi kwenye pindo, nikawasha kiberiti.

"Mama! Zima! Unanichomea biashara!"

"Nachoma uzi mumoja. Kama koti lako ni la kweli, halitalia."

"Ni la kweli! Limetoka Ulaya, hata mwenyewe karibu bado yuko ndani."

"Basi mutoe mwenyewe, mimi nichukue koti."

Watu wa pembeni walicheka. Uzi ulikuwa wa uongo. Uliyeyuka, ukawa kijiwe cheusi kinachonata kwenye kidole. Nilimuonyesha kidole changu, akaangalia mbinguni. Nilichoma wa koti la pili, nao uliyeyuka. Wa koti la tatu, nalo la rangi ileile, uliungua polepole, ukaacha majivu yanayosagika, na harufu yake ikapanda.

"Nywele," mujukuu wangu alisema nyuma yangu. Ndilo neno lake la kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Ndiyo. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua."

"Na koti ni la huyu dada?" muuzaji aliuliza. "Litamufika kwenye vidole vya miguu."

"Ni la kichwa chake."

"Mama, ni kichwa gani hicho cha kuvaa koti zima?"

Wakacheka tena. Mujukuu wangu alishusha kitambaa chake mpaka macho yakabaki kama ya mutu anayechungulia. Sikumujibu yule baba. Nilimuonyesha matundu ya nondo chini ya kwapa, na kola iliyokuwa na mafuta ya shingo ya mutu, na kwa ajili ya kinywa chake nilimubana kwenye bei mpaka akaniambia niondoke na koti kabla hajabadili mawazo.

Nilichemsha koti kwa sabuni. Nililipiga juu ya ubao, siyo juu ya mawe, maana mawe yetu ya volkano yana meno. Mabega yaliniuma hata sikuweza kufunga kitenge nyuma. Lilipokauka lilikuwa limepungua likawa la mutoto, na zito, na laini. Sehemu ya mugongo peke yake ilitosha kofia.

Satini niliikataa bila kuitafuta. Satini inateleza, inaleta jasho, na ngozi ya pale palipotoka nywele ni nyembamba kama ya mutoto muchanga. Nilikata kitenge changu cha zamani, kile cha kuku. Kimefuliwa mpaka kuku wote wamekwisha, yamebaki macho yao tu. Utepe niliutoa kwenye kiuno cha sketi iliyokufa.

Kikabaki kitu cha katikati, kile cha kuisimamisha. Bila hicho kofia inalala kichwani kama soksi. Mafundi wa Himbi, wanaoshonea watu wa maofisi, wana kitambaa cha kola, lakini kinataka pasi ya moto mukali na mimi sina pasi. Kartoni nilijua itakufa kwenye mvua ya kwanza. Na ulikuwa wakati wa mvua, na kanisa liko mbali na kwetu, na tunakwenda kwa miguu.

Jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, ndiye alinipa wazo. Alisimama mbele ya mulango wangu na mikono yake myeusi, akaniangalia nikipima na kutupa.

"Weka shitingi."

Shitingi ni lile turubai jeupe walilotugawia kambini kujenga mahema. Wengi tulitoka na vipande vyake. Mimi changu nilifunikia paa pale linapovuja. Yeye alikuwa nacho kipya, hakijaona jua.

"Ni ngumu, inakunjika, maji haipitishi," alisema. "Ukiweka hiyo, mama, hata mulima ukitapika, sisi sote tutakimbia, na kofia itabaki inatungojea."

Niliikunja, nikaiachilia. Ilirudi mahali pake vizuri. Niliona ni akili. Nilikata vipande kwa kufuata patroni, nikaviweka kati ya sufu na kitenge, nikashona kwa mukono, sindano inakataa, ninaisukuma na kisigino cha kijiko. Kazi ilimaliza macho yangu. Lakini kofia ilisimama. Nakwambia, ilisimama kuliko ya mama yangu.

Mujukuu wangu aliporudi shuleni alifunga mulango, akavua kitambaa, akaivaa. Tuna kioo kidogo, cha kuona nusu ya uso. Aliona paji lake wazi na mabawa yameshuka pembeni, hakuna kinachoonekana. Aliingiza kidole chini ya bawa, akakitoa. Nikaanza kukusanya nyuzi, nikijua kwamba imekwisha.

Aligeuza kichwa aone pembeni. Akasimama. Akageuza tena, polepole.

"Koko, inalia."

"Nini inalia?"

"Vaa."

Nilivaa. Nilipofungua kinywa kumwambia kwamba sisikii kitu, taya likasogea, na mabawa yakasema kwacha, kwacha, sauti ndogo, ndani kabisa ya sikio.

Sauti hiyo naijua. Katika hema nafasi ni ndogo, mutu analala uso wake kwenye ukuta, na ukuta ni shitingi. Upepo unatoka upande wa ziwa, na ukuta unazungumza na sikio lako mpaka kunapambazuka. Wakati wa ile homa alilala hivyo, na mimi niliweka mawe kwenye pindo la hema ili lisipige kelele, na liliendelea kupiga. Nilivua kofia.

"Ni ya asubuhi moja tu," nilisema. "Utaivumilia."

"Askofu atakuwa ananisemesha, na mimi nitakuwa nasikia kambi."

"Kanisani kuna ngoma. Hutasikia."

Hakulia. Akafunga kitambaa chake, akashusha mpaka kwenye nyusi, akachukua dumu la maji.

"Siyo mubaya, Koko. Umejaribu. Sitaenda, basi."

Na kweli nilifurahi kidogo kwamba imekwisha. Nasema ukweli. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno. Nilikaa na kofia ile magotini, nzuri, imara, haina kazi, nikafikiri: mutoto amekataa, tulipatana hivyo, sasa nilale. Nililala. Asubuhi, alipokwenda shule, niliamka, nikatafuta wembe, nikaanza kufumua.

Nilihitaji kitu kigumu kinachonyamaza. Nilizunguka chumba nikikunja kila kitu karibu na sikio langu, kama mwendawazimu. Magunia ya siku hizi ni ya plastiki, yanalia kama shitingi. Mukeka unalia. Mwishoni niliangalia chini, mulangoni, pale tunapofutia miguu. Pale palikuwa na gunia la zamani, la nyuzi nene, lile la kahawa. Nililikunja karibu na sikio. Halikusema neno.

Nililichemsha mara nyingi mpaka maji yakawa meupe. Nilipika uji mwepesi wa unga wa muhogo, nikalilowesha ndani yake. Ndivyo mama zetu walivyokaza vitambaa vya meza vya masista. Kisha niligeuza sufuria ndogo, ile ya kupikia sombe, majani ya muhogo, ambayo ukubwa wake unakaribia kichwa cha mujukuu wangu, nikaifunika na nailoni, nikalaza gunia juu yake, tabaka mbili, nikakandamiza kwa viganja. Jua halikutoka. Nililikausha karibu na mbabula, jiko letu la makala, nikigeuzageuza kama mukate.

Alirudi akanikuta hapo.

"Koko! Hilo si la mulangoni?"

"Nimelichemsha."

"Miguu ya karitiye yote, ya mutaa muzima, itakuwa juu ya kichwa changu!"

"Miguu imekwenda. Limebaki gunia. Leta sikio."

Nilikunja ukingo karibu na sikio lake. Alisikiliza, macho amefunga.

"Haisemi," alisema.

Hapo nikamwambia lililobaki, maana sipendi mutu adanganyike na kitu cha kuvaa. "Shitingi haiogopi mvua. Hii inaogopa. Muhogo ukilowa unarudi kuwa uji, na kofia italala, na itanata. Ikinyesha siku hiyo, utaingia kanisani na uji kichwani. Chagua wewe. Vipande vya shitingi bado viko, ninaweza kuvirudisha."

Alichukua gunia kutoka kwenye sufuria, bado la moto kidogo, akaliweka kichwani bila sufu, bila kitenge, akageuza kichwa huku na huku.

"Hii," alisema. "Mvua nitaishugulikia mimi."

Nilishona upya. Mara hii sindano ilipita.

Siku ya kipaimara mbingu ilikuwa chini, rangi ya majivu, lakini ilijizuia. Tulifika tukiwa wakavu. Wasichana walipangwa mistari, wote na nguo nyeupe, na wawili watatu waligeuka kuangalia ile kofia. Mumoja alimuuliza ameinunua wapi. Nilimusikia akijibu, "Ni patroni ya bibi ya mama yangu, huwezi kuipata." Kwa sauti ya majivuno. Nikaangalia pembeni.

Zamu yake ilipofika, nilisimama nyuma, nikaweka mukono wangu begani pake. Mbele ya macho yangu kulikuwa na mushono wa nyuma, na niliona pale nilipokosea, uzi umepanda kidogo kushoto. Askofu alichovya kidole, akapaka paji, akasema maneno yake. Mujukuu wangu aliitika Amina, na ilisikika mpaka kwenye viti vya nyuma. Magoti yangu yaliuma sana, nilikuwa namushikilia ili na mimi nisianguke.

Mvua ilitupata njiani tukirudi. Haikuanza na matone, ilimwagika tu. Watu walikimbilia chini ya mabati ya maduka, wamebanana, wanakwaya, wasichana wa kipaimara, vijana wa moto na pikipiki zao, kila mutu. Hapakubaki nafasi hata ya kuku. Nilisimama katikati ya barabara, nikasema moyoni, haya, uji huo.

"Koko, fungua kitenge."

Alikuwa amekwisha kuvua kofia. Aliisukuma ndani ya kitenge changu, kwenye tumbo, akanifunga vizuri juu yake kama mutu anayefunga mutoto muchanga. Kisha akasimama hapo, kichwa wazi, mvua inapita juu ya zile sehemu zisizo na nywele, mbele ya karitiye yote.

"Tuendelee," alisema. "Usikimbie, utaanguka."

Nilimwambia ajifunike hata na mikono. Hakusikia, au alisikia. Tulipita mbele ya lile duka kubwa lililojaa watu, na sauti ya musichana wa kwaya ikatoka chini ya bati:

"We dada! Funika kichwa, utashikwa na baridi!"

"Nafunika kofia kwanza!" alijibu. "Kichwa kitakauka!"

Wakacheka pale chini ya bati, na yeye akacheka, na hakushusha kichwa. Kofia ilikuwa inanipasha joto tumboni. Nilitembea nimeishikilia kwa mikono miwili, nimeinama, maji yakiingia kwenye viatu, nikifikiria tu kitanda.

Nyumbani aliitoa kwenye kitenge, akaigusa pande zote. Ilikuwa kavu. Aliiweka juu ya sufuria ya sombe iliyogeuzwa. Mimi nilikaa kitandani na viatu vyangu, sikuwa na nguvu ya kuinama. Alipiga magoti, akaanza kufungua kamba. Kichwa chake kilikuwa chini ya macho yangu, maji yakimutiririka shingoni.

"Jikaushe kwanza," nilisema.

"Ngoja, Koko. Kamba zimevimba."